Kuishi na Familia ya Kigujarati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilisoma Rajkot, jimbo la Gujarat, miaka mitatu, nikapanga chumba cha juu katika nyumba ya familia moja ya Kihindu. Tangu nirudi Tanga, kila msimu wa udahili simu huanza kuita: kijana wa mtu kapata nafasi ya kusoma India na mama yake halali usingizi, au rafiki kaalikwa harusi ya Wahindi na hajui avae nini. Maswali ni yaleyale, nimeamua kuyaweka pamoja. Nayasema ya Gujarat, na zaidi ya nyumba za Kihindu na za Kijaini (dini nyingine ya kale ya huko), maana ndizo nilizoziona. Mpunjabi au Mtamil atakupa majibu mengine kabisa.

Kwa nini mtoto anamwita mwanamume "mama"?

Siku yangu ya pili pale, mtoto wa nyumba alikimbilia mlangoni akipiga kelele "Mama aavya!", yaani mama amekuja. Nikajiweka sawa kumwamkia mwanamke. Akaingia mzee mwenye masharubu, mkononi ana boksi la halua. Kwa Kigujarati mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama yako. Kaka ni baba mdogo. Dada ni babu mzaa baba, nana ni babu mzaa mama. Fua ni mume wa shangazi, naye hafui hata leso. Ni mkwe wa nyumba, akija hutolewa kiti kizuri na vikombe vya kabatini.

Ukishacheka, endelea kujifunza. Shangazi ni foi. Ndugu za mama wa kike ni masi. Mke wa kaka ni kaki, mke wa mama ni mami. Hakuna "anko" wa kufunika wote, na sababu ni kwamba kila jina lina kazi yake: kuna shughuli ambayo bila foi haiendi, na nyingine inamsubiri mama hata kama anatoka London na ndege imechelewa. Mgeni asiyeyajua majina haya ataona watu wanahangaika tu huku na huku. Ukiyajua utaona kila mtu yuko zamu.

Mimi niwaiteje?

Mwanamume, jina lake na "bhai" mwishoni: Rameshbhai. Mwanamke, jina na "ben": Hansaben. Hata kwenye vitambulisho utakuta bhai na ben vimeunganishwa na jina moja kwa moja. Wenye rika la wazazi wako waite kaka na masi, hata kama hamna undugu. Bibi wa nyumba mwite Ba, yatosha. Mimi jina halisi la Ba wangu nililijua mwaka wa pili, kwenye bili ya umeme. Kasturba, mke wa Gandhi, naye India nzima ilimwita Ba, na mumewe ikamwita Bapu.

Jina rasmi lina sehemu tatu: lako, la baba, la ukoo. Mohandas Karamchand Gandhi, aliyezaliwa Porbandar mwaka 1869, ni Mohandas wa Karamchand. Mwanamke akiolewa, jina la baba hutoka katikati likaingia la mume, kwa hiyo cheti chake cha shule na pasi yake ya kusafiria huweza kusomeka kama za watu wawili.

Watoto wakiinama kugusa miguu ya wazee, hiyo ndiyo shikamoo yao. Ya kwetu husemwa ilitokana na "nashika miguu". Wao bado wanaigusa kweli, na marahaba yao ni kiganja kichwani. Wewe hulazimiki, lakini ukifanya siku ya kwanza utakuwa umemaliza nusu ya safari.

Ni kweli ukoo mzima hukaa nyumba moja?

Zamani kuliko sasa. Kwa Ba walikuwa wana wawili, wake zao na wajukuu watatu, jiko moja. Sebuleni palikuwa na bembea ya mbao iliyofungwa darini kwa minyororo ya shaba. Wanaiita hinchko, na nyumba nyingi za Gujarat zinayo. Mambo makubwa ya nyumba ile, kununua pikipiki, kumposea mtoto, kumgomea fundi bomba, yaliamuliwa pale, Ba akijisukuma taratibu kwa kidole cha mguu. Ndugu wengine siku hizi hununua fleti jengo moja, ghorofa tofauti, wakapata jiko la peke yao bila kuukimbia ukoo.

Hata sheria inaujua ukoo huu. Kodi ya mapato ya India mpaka leo inaitambua familia ya Kihindu isiyogawanyika kama mlipa kodi anayejitegemea, na msimamizi wake anaitwa karta. Mabinti walipewa haki sawa na ya wana katika mali ya ukoo mwaka 2005. Hiyo ni karatasi. Nimemwona mwenyewe dada akisaini kuwaachia kaka zake fungu lake, maana aliogopa kukosa pa kufikia sikukuu zikija.

Na sitaipamba: mzigo wa nyumba ya pamoja uko mabegani mwa wake wa wana. Mke wa mwana mkubwa na mke wa mwana mdogo wana majina yao, jethani na derani, na anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukanda unga anajulikana hata kabla hajaolewa.

Nitakula nini?

Utakula vizuri, ila wiki ya kwanza utadhani mpishi amechanganya chumvi na sukari. Dali yao, ambayo ni mbaazi zilizokobolewa, hutiwa sukari guru kidogo na ndimu. Chakula cha mchana kina mpangilio: kwanza rotli na mboga, halafu wali na dali mwishoni. Rotli ni chapati nyembamba kama leso, isiyokunjwa wala kukaangwa, iliyopakwa samli juu. Inakuja moja moja kutoka jikoni, ya moto, na anayezichoma hula wa mwisho. Unashushia na mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa bizari nyembamba. Jioni ni nyepesi: khichdi, yaani mchele na choroko vilivyopikwa pamoja vikalainika, na mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Baridi ikianza, upande wa Saurashtra, yaani rasi ilipo Rajkot, wanakula mkate mzito wa uwele na biringanya ya kuchoma motoni. Hapo ndipo nilipoacha kuwaza ugali.

Safari haianzi bila thepla, chapati zenye majani ya uwatu na manjano, kwa kuwa hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Panda ndege yoyote ya kutoka Ahmedabad, utazinusa kabla mikanda haijafunguliwa.

Majina mengine hutahitaji kutafsiriwa. Bajia, kachori na karai la kukaangia yalishavuka bahari zamani, pamoja na gari, bima na laki.

Nikishiba nitasemaje?

Kusema hakusaidii. Mwenyeji aliyekubali "nimeshiba" ya kwanza amekutukana. Funika sahani kwa kiganja, ukae hivyo mpaka mwiko upite. Ukitembelea nyumba, maji huja kabla ya salamu kuisha, halafu chai. Rajkot chai humiminwa kwenye kisahani ikanywewa humo. Jaribu, inapoa haraka. Mkono wa kulia tu, hilo umelijua tangu kwenu.

Naweza kupika nyama chumbani?

Katika nyumba ya Vaishnava au ya Swaminarayan, ambayo ni madhehebu ya Kihindu, au ya Jaini, hapana, hata yai. Uliza kabla ya kulipa kodi, si baada. Lakini usimwamini anayekuambia Wagujarati wote hawali nyama. Wavuvi wa pwani wanakula samaki, Waislamu na Waparsi (wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi) wanakula nyama, na Wahindu wengi tu pia. Hoteli za Waislamu zilinitunza Jumapili zangu zote.

Na pombe?

Marufuku tangu jimbo lilipoundwa tarehe 1 Mei 1960. Mgeni anaweza kuomba kibali, ila harusini hutaiona, na usiiulizie.

Jaini wana tofauti gani mezani?

Hawali kilichong'olewa ardhini: viazi, vitunguu, karoti, kitunguu saumu. Kung'oa mzizi ni kuua mmea na wadudu waliojishikiza humo. Wanaoshika sana dini hula kabla jua halijazama na kunywa maji yaliyochemshwa. Mwaka wao una siku 8 za toba ziitwazo Paryushan, na siku ya mwisho mtu hupigia simu watu anaowajua, hata asiowapenda, akiwaambia "Micchami Dukkadam", nisamehe nilichokukosea. Mwalimu wangu aliyenifelisha alinitumia ujumbe huo. Maksi hazikubadilika.

Mtoto akizaliwa inakuwaje?

Mimba ya kwanza ikifika mwezi wa saba kuna sherehe, kisha mama mjamzito hurudi kwao kujifungulia. Usiku wa sita tangu mtoto azaliwe huwekwa karatasi tupu na kalamu kando yake, ili mungu mwandika majaaliwa aje usiku aandike. Asubuhi karatasi ni tupu vilevile, na hakuna anayeshangaa.

Jina hatoi baba wala babu. Hutoa foi, shangazi. Kuhani hutaja herufi za kuanzia kufuatana na nyota ya mtoto, watoto wanne hushika pembe za kitambaa wakimbembeza mtoto ndani yake, na foi hutamka jina mbele ya wote. Kwa Ba, foi alikuwa Leicester, Uingereza, na kazini hawakumpa ruhusa. Mtoto alikaa wiki tano akiitwa "babu", kijina cha kumdekeza mtoto wa kiume, mpaka foi alipofika. Mimi nikapendekeza simu ya video. Walinitazama kama niliyependekeza kuzika kwa simu.

Ndoa bado hupangwa na wazazi?

Neno "kupangwa" linachanganya. Nilichokiona mara nyingi ni hiki: masi anamjua mtu, karatasi ya wasifu inatumwa kwenye WhatsApp (urefu, shahada, ukoo, mama anatoka kijiji gani), familia zinakutana, binti analeta chai, kisha vijana wanaachwa waongee. Wote wawili wana haki ya kukataa, na wanakataa. Wakikubali, watu hulishwa sukari guru na giligilani, na uchumba umefungwa. Wapo wanaojichagulia wenyewe chuoni, halafu wanatafuta masi wa kuifanya ionekane imepangwa. Tabaka la kuzaliwa bado linatazamwa sana. Mahari inayodaiwa na upande wa mume ilipigwa marufuku kisheria mwaka 1961, lakini ukiona friji na gari vimefungwa utepe uani, usiulize ni zawadi ya nani.

Nimealikwa harusi. Nivae nini, nitoe nini, nitegemee nini?

Vaa rangi. Nyeupe ni ya msiba na nyeusi wazee hawaipendi. Pesa weka kwenye bahasha, na kiasi kiishie na moja: rupia 101, 251, 501. Maduka huuza bahasha zenye sarafu ya rupia moja imekwishabandikwa. Sifuri inafunga hesabu, moja inaianzisha. Mlangoni kuna ndugu mwenye daftari anayeandika nani katoa ngapi, na yako ikifika watakurudishia kwa kuangalia daftari hilohilo. Mtu aliyezoea michango yetu hatapotea hapo.

Sasa watazame watu walio zamu. Mama, yaani mjomba wa bibi harusi, amefika na mzigo: nguo, dhahabu, na sari nyeupe yenye pindo jekundu iitwayo panetar, ambayo binti ataolewa nayo. Mjomba anaweza kuwa ameweka akiba miaka kwa siku hii, na wanawake wataukagua mzigo wake kitu kimoja kimoja, bila haya. Yeye ndiye humwongoza binti hadi kwenye kibanda cha ndoa. Bwana harusi amekuja na msafara wa ngoma, nyuma yake dada yake mdogo akitikisa kijungu cha chuma kufukuza husuda. Mlangoni mama mkwe anampokea na kujaribu kumshika pua, amkumbushe kuwa amekuja kuomba, asijivune. Akivua viatu aingie kibandani, wadogo wa bibi harusi wanaviiba, na bei ya kuvikomboa hujadiliwa kwa ukali kuliko ya mkeka sokoni Mgandini.

Wanauzunguka moto mara 4 (sehemu nyingine za India ni 7), na kaka wa bibi harusi anawajaza nafaka mikononi ya kutupia motoni. Baada ya hapo ni hatua 7 pamoja. Wageni wengi watakuwa wanakula huku kuhani anasoma, na wengine watakula na kuondoka. Si utovu wa adabu. Kaa mpaka binti anapoagwa, ukiweza. Baba aliyekuwa akifokea wapishi tangu alfajiri utamkuta kashika mlango wa gari hataki kuuachia.

Katikati ya Desemba hadi tarehe 14 Januari hakuna harusi, ni kipindi kisichofaa. Usikate tiketi ya likizo ukitegemea kualikwa.

Sikukuu gani nisikose?

Uttarayan, tarehe 14 Januari. Mji mzima uko juu ya mapaa ukirusha tiara, na uzi umepakwa unga wa chupa ili kukata wa jirani. Ukikata unapiga kelele "Kai po che!" mpaka sauti ikauke. Kashata za ufuta na karanga, mseto wa mboga wa undhiyu, muziki kila paa. Wenye pikipiki hujifunga skafu shingoni kwa sababu ya uzi huo, na ndege wengi hukatwa mbawa. Hiyo ndiyo kasoro yake.

Navaratri huja Septemba au Oktoba, usiku 9 wa kucheza garba kwa duara. Katikati zamani ilikuwa taa ndani ya chungu chenye matundu, na mpaka leo nyumbani chungu hicho huwekwa. UNESCO waliiingiza garba kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2023. Ingia duara la nje, la wazee na watoto. La ndani wamefanya mazoezi miezi mitatu na hawamsubiri mtu.

Diwali ni siku kadhaa. Mkesha wake akina mama hupeleka bajia njia panda kuutupa ugomvi wa mwaka. Ba alizitupa mbili zaidi, akasema ni za jethani na derani. Usiku wa Diwali wenye maduka huviombea vitabu vipya vya hesabu, na siku hizi kompyuta nayo hupakwa alama nyekundu. Kesho yake ni mwaka mpya wa Kigujarati: alfajiri mtu anapita akiuza chumvi ya baraka, kisha mnavaa vipya na kuzunguka nyumba kwa nyumba mkiambiana "Saal Mubarak", maneno ambayo sikio la Mswahili halihitaji kufundishwa. Maduka mengi hayafunguliwi mpaka siku ya tano. Nunua sabuni mapema.

Kuna pia siku ya dada kumfunga kaka uzi mkononi, rakhi, mwezi wa Agosti mara nyingi, na siku ya kaka kwenda kula kwa dada, mara baada ya mwaka mpya. Mjukuu wa Ba alinifunga rakhi mwaka wa kwanza. Tangu hapo nikawa na deni la zawadi kila mwaka, hadi leo natuma.

Kukiwa na msiba?

Maiti huchomwa siku hiyohiyo ikiwezekana, na kwa kawaida mwana mkubwa ndiye huwasha moto. Mabinti wanaowasha sasa wapo. Wewe nenda besnu, kikao cha kutoa pole ambacho saa yake hutangazwa gazetini. Vaa nyeupe, kunja mikono mbele ya picha yenye shada, kaa kimya dakika kumi, ondoka. Usisubiri chakula, hakuna, na usichangishe.

Waislamu wa Gujarat je?

Wapo wengi, na wengi wa Wahindi Waislamu wa pwani yetu, Bohora na Khoja, asili yao ni huko. Bohora hula kwa kuzunguka sinia moja, wakianza kwa kuonja chumvi. Ukiwa Ahmedabad nenda kautazame msikiti wa Sidi Saiyyed wa mwaka 1573, wenye dirisha la jiwe lililochongwa mti; aliyeujenga ni Mhabeshi. Na karibu na msitu wa Gir kuna kijiji cha Jambur cha Masidi, watu wenye asili ya Afrika waliokaa huko vizazi vingi. Wanazungumza Kigujarati kitupu, wanasema kaka kwa baba mdogo. Ngoma yao wanaiita goma.

Nitabaguliwa?

Ndiyo, mara nyingine. Nilikataliwa vyumba vinne kabla ya kumpata Ba. Wawili walitaja nyama, mmoja alitaja majirani, wa nne hakutaja kitu, alifunga mlango. Barabarani utatazamwa na kupigwa picha. Sio wewe peke yako: Mgujarati wa tabaka la chini hukataliwa chumba kwa adabu zilezile, ingawa katiba ilikataza kutengwa kwake tangu mwaka 1950. Tafuta chumba kupitia mwanafunzi aliyetangulia, uende naye.

Nikiaga niseme nini?

Usiseme "nakwenda", ni kisirani. Sema "aavjo", maana yake njooni. Anayeondoka husema hivyo, anayebaki naye husema hivyo. Siku yangu ya mwisho Ba hakushuka bembeani. Alisema aavjo mara moja na kunisukumia kifurushi cha gazeti kwa mguu, kana kwamba ni takataka. Zilikuwa thepla kumi na mbili. Mbili zilifika Tanga.